Weupe Juu ya Mawe Meusi

Wahenga walituachia methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu nilipoanza kujifunza Kiswahili nimeikuta methali hii karibu katika kila kitabu cha methali nilichofungua, na kila mara inafafanuliwa kwa mambo ya tabia: mtoto asiyeonywa, deni lisilolipwa, ugomvi usiosuluhishwa mapema. Katika insha hii nataka kuirudisha ilikotoka, yaani kwenye ukuta wenyewe. Nitaeleza habari za ukuta ambao haukuwa na ufa hata mmoja, lakini ulikuwa umeanza kupata matatizo, na matatizo hayo nusura yaharibu jina la fundi aliyeujenga. Fundi huyo ni baba yangu mdogo.

Kwetu ni Musanze, kaskazini mwa Rwanda, chini ya milima ya volkano. Mgeni anayefika kwetu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona mawe meusi kila mahali. Kwa Kinyarwanda tunayaita amakoro. Ni mawe ya lava iliyoganda, na mengi yana vitundu vidogo vidogo kama mkate. Wakulima huyaokota shambani na kuyapanga kuwa mipaka ya mashamba. Wajenzi huyatumia kwa misingi, kwa kuta za uzio, na hasa kwa kuta za kuzuia udongo. Nchi yetu ni ya vilima. Mara nyingi mtu hawezi kupata uwanja wa kujenga mpaka akate mlima upande mmoja, na mlima uliokatwa lazima ushikwe na kitu, la sivyo mvua za masika zitauteremsha hadi mlangoni.

Baba mdogo amefanya kazi ya uashi tangu ujana wake. Kiswahili chake hakukipata darasani. Alikipata Goma, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kutafuta kazi baada ya mlima Nyiragongo kulipuka Januari 2002 na lava kufunika sehemu ya mji ule. Huko walijenga juu ya mawe na kwa mawe. Mimi najua ngeli na minyambuliko ya vitenzi. Yeye anajua timazi, pima maji, mwiko, zege na kokoto. Nilipochagua kusoma Kiswahili chuoni, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote nyumbani, akasema, "Sasa mwanangu nitapata mtu wa kuongea naye."

Mwaka huo alikuwa amejenga ukuta wa kuzuia udongo katika nyumba moja ya wageni. Ulikuwa na urefu wa mita kumi na nne na kimo cha mita mbili, mawe meusi yaliyochongwa uso, na viungo vya saruji vilivyokazwa vizuri. Walikubaliana malipo ya mafungu matatu, na fungu la tatu lingelipwa baada ya ukuta kupita msimu mmoja wa mvua. Kazi ilikwisha mwezi wa Februari. Mvua za Machi mpaka Mei zilinyesha, ukuta ukasimama wima. Kisha ikaja Juni, kiangazi kikaanza, na mawe meusi yakageuka kuwa meupe.

Mwenye nyumba alikasirika. Alimwita baba mdogo akamwambia kwamba ametumia mchanga mchafu na saruji iliyoharibika, na kwamba hatalipa fungu la tatu. Hilo lilikuwa zito, kwa sababu fedha hizo ndizo zilizotarajiwa kulipa karo za watoto wake wawili. Lakini lililomuumiza zaidi ni kwamba maneno yale yalianza kuzunguka. Fundi wa mji mdogo hana tangazo lingine ila midomo ya watu. Wiki mbili baadaye, mtu aliyekuwa amemwahidi kazi ya msingi alimpa fundi mwingine bila kumweleza sababu.

Nilikuwa nimefika nyumbani kwa likizo. Baba mdogo aliniomba niende naye kuutazama ukuta huo. "Wewe umesoma," alisema. "Nisaidie kuuliza maswali." Nilimjibu kwamba nimesoma lugha, sikusoma kemia. Alisema hata hivyo macho mawili zaidi si haba.

Tulipofika hatukuanza kusugua. Tulianza kwa kutazama weupe uko wapi na hauko wapi. Haukuwa umeenea sawasawa. Mstari wa juu kabisa wa mawe ulikuwa safi. Kuanzia katikati kwenda chini ndiko ulikozidi. Tena ulianzia kwenye viungo vya saruji, ukatambaa juu ya mawe, na katikati ya jiwe kubwa mara nyingi palibaki peusi. Sehemu nyingine ulikuwa unga laini unaoshika kidole kama unga wa mhogo. Sehemu nyingine ulikuwa ganda gumu lililoshuka kama nta ya mshumaa.

Tulifanya majaribio mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya. Kwanza tuliukwangua ule unga kidogo, tukautia katika kijiko cha maji. Uliyeyuka ukapotea, kwa hiyo ilikuwa chumvi, wala si kuvu. Kuvu haiyeyuki namna ile. Kisha tulidondosha siki juu ya lile ganda gumu. Lilitoa povu dogo lenye kuchemka, kwa hiyo lilikuwa chokaa. Ukutani palikuwa na wageni wawili waliovaa nguo za rangi moja.

Baadaye nilisoma sababu zake, na nitazieleza kwa ufupi. Ndani ya saruji, mchanga, mawe na udongo mna chumvi za aina nyingi zinazoyeyuka katika maji. Ukuta ukiwa mkavu, chumvi hizo hulala tu. Maji yakipita, huzibeba. Yanapofika kwenye uso wa ukuta, jua na upepo huyakausha, lakini chumvi haiwezi kupaa pamoja na mvuke, hivyo inabaki nje. Ndiyo maana weupe hauonekani sana wakati wa mvua, bali unajitokeza kiangazi kinapoanza. Ile chokaa ngumu ina njia yake. Saruji inapokutana na maji hutengeneza, pamoja na vitu vingine, chokaa inayoyeyuka kidogo. Maji huibeba hadi nje, na huko inakutana na hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo katika ganda la yai. Ikishafika hapo haiyeyuki tena kwa maji matupu.

Kwa hiyo swali halikuwa tena "Saruji gani hii?" Kila saruji ina chokaa. Swali likawa: maji haya yanatoka wapi, na kwa nini yanapita katikati ya ukuta badala ya kupita mahali palipotengwa?

Baba mdogo alikuwa ameweka mabomba manane ya kutolea maji, mafupi, yaliyopenya ukuta kutoka nyuma hadi mbele. Kila ukuta wa kuzuia udongo unahitaji matundu hayo, kwa sababu udongo ulio nyuma hunywa mvua, na maji yasipopata njia hujaa na kuusukuma ukuta kwa nguvu. Tulihesabu mabomba. Matatu yalikuwa wazi. Matano yalikuwa yamezibwa kwa matambara na saruji juu yake. Tulimuuliza mtunza bustani, naye akasema bila kificho kwamba aliagizwa kuyaziba mwezi wa Machi, maana yalikuwa yanatoa maji ya tope na kuchafua vigae vipya vya njia ya wageni.

Nilitaka tumwendee mwenye nyumba papo hapo. Baba mdogo alinishika mkono. "Ukimwambia mtu mzima kwamba kosa ni lake, atatafuta lingine la kukutupia," alisema. "Tumwonyeshe."

Mazungumzo yao yalikuwa kwa Kinyarwanda. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Mwenye nyumba alikuwa na suluhisho lake tayari. Alikuwa amenunua vanishi ya mawe yenye kung'aa na chupa mbili za asidi kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka ukuta uoshwe kwa asidi, upakwe vanishi, na gharama ikatwe kwenye fungu la tatu.

"Mzee," baba mdogo alimwambia, "nikipaka vanishi leo, nitakuwa nimefunga mlango maji yakiwa bado ndani."

Alichosema ni kweli. Uso wa ukuta ukizibwa kwa rangi ya mafuta au vanishi wakati maji bado yanapita nyuma yake, chumvi haziachi kuja. Zinaganda chini ya ule utando, ndani ya vitundu vya jiwe na viungo, na zinapoganda hupanuka na kusukuma. Baada ya muda utando hubanduka, na wakati mwingine hubanduka pamoja na uso wa jiwe au wa saruji. Chumvi iliyo nje ni aibu tu, lakini iliyo ndani hubomoa.

Kuhusu asidi, nilisoma maandishi ya chupa, yaliyokuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo baba mdogo haisomi. Hapo ndipo nilipoona elimu yangu ina kazi. Ilikuwa asidi ya haidrokloriki, na maagizo yalionya juu ya macho, ngozi na moshi wake. Katika yale niliyomfasiria, moja alinifanya nilirudie mara tatu: asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, kwa maana huchemka na kumrukia mtu. Mafundi wangapi wamepewa chupa kama hiyo bila mtu wa kuwasomea?

Tulimwomba mwenye nyumba majuma matatu. Julai haina mvua kwetu, lakini bustani iliyokuwa juu ya ukuta ilimwagiliwa kwa mpira kila jioni, kwa hiyo maji hayakukosekana nyuma ya mawe. Tulikubaliana hivi: tuusafishe ukuta wote, kisha tuzibue mabomba ya nusu ya kushoto peke yake, na nusu ya kulia tuiache kama ilivyo. Bustani imwagiliwe kama kawaida pande zote mbili.

Kusafisha kulifuata utaratibu, na nauandika kwa sababu wengi huanza na ndoo ya maji, na hapo ndipo hupoteza kazi yao. Ule unga unaoyeyuka huondolewa mkavu, kwa brashi ngumu ya nyuzi, siku ya jua. Ukiumwagia maji kwanza, unauyeyusha na kuurudisha ndani ya ukuta, na juma lijalo utautoa tena. Unga ulioanguka tuliufagia na kuuzoa, maana ukiachwa chini ya ukuta, unyevu wa ardhi utaupandisha upya. Hatukutumia brashi ya waya, kwa sababu hukwaruza viungo na kuacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu.

Lile ganda la chokaa lilihitaji kazi nyingine. Penye unene tulilikwangua kwa patasi butu kwa upole. Palipobaki tulilowesha ukuta kwanza kwa maji safi, ili jiwe lisinywe dawa, kisha tukapaka siki, tukasugua na kusuuza. Mahali pachache palipokataa, baba mdogo alitumia asidi iliyochanganywa na maji mengi, akiwa na glavu za mpira na miwani, baada ya kuijaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana. Hakuiacha ikae. Asidi haichagui, ikimaliza chokaa iliyo nje huanza kula saruji ya viungo.

Karibu na ngazi palikuwa na mawe yaliyolowa chumvi kwa ndani. Hapo tulibandika karatasi nyeupe zilizolowekwa kwa maji safi na kupondwa mpaka zikawa kama uji mzito. Karatasi hizo zikikauka huvuta maji kutoka ndani ya jiwe, na chumvi huja nayo na kubaki ndani ya karatasi, ambayo hubanduliwa na kutupwa. Tulifanya hivyo mara mbili. Wengine hutumia udongo mfinyanzi, lakini kwa amakoro tuliona udongo ungebaki ndani ya vile vitundu na kutupa kazi nyingine.

Baada ya majuma matatu hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Upande wa kushoto mabomba yalikuwa yakidondosha maji kila baada ya kumwagilia, na mawe yalibaki meusi isipokuwa mistari miembamba kwenye viungo viwili. Upande wa kulia unga mweupe ulikuwa umerudi kuanzia katikati kwenda chini. Mwenye nyumba alitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akarudi, akagusa upande wa kulia, akatazama kidole chake. Kisha akauliza, "Na tope la kwenye vigae?"

Lilikuwa swali la haki, na baba mdogo alilikubali. Maji ya tope yalitoka kwa sababu nyuma ya mabomba hapakuwa na kokoto za kutosha za kuchuja udongo. Alijitolea kuchimba nyuma ya kila bomba, kuweka kokoto safi na kitambaa cha kuchujia, na kujenga mfereji mdogo mbele ya ukuta ili maji yaende bondeni bila kupita juu ya vigae. Mwenye nyumba naye alikubali kuchimba mtaro juu ya bustani ili mvua ya mlimani igeuzwe kabla haijafika ukutani, na kupunguza kumwagilia. Mabomba yote manane yalizibuliwa. Siku tuliyozibua lile la tano upande wa kulia, maji yalitoka kwa kishindo, yakaendelea kutoka mpaka tukamaliza kunywa chai. Baba mdogo alisimama akiyatazama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ili mwenye nyumba asielewe: "Haya yote yalikuwa yanasukuma. Na wageni wanapita hapa chini na watoto wao."

Fungu la tatu lililipwa, nusu mwezi wa Agosti na nusu mwezi wa Oktoba. Yale maneno ya mjini hayakufutika haraka kama yalivyoenea, lakini mwaka uliofuata mwenye nyumba yuleyule alimpa kazi ya ngazi.

Niliporudi chuoni nilitafuta jina la ule weupe kwa Kiswahili. Baba mdogo huuita tu "chumvi ya ukuta". Mafundi wa kwetu waliosoma Kifaransa huuita salpêtre. Katika kamusi nilikuta neno shura, yaani ile chumvi inayotumika kutengeneza baruti, na nikagundua kwamba ni salpêtre ileile. Zamani Ulaya watu walikuwa wakikwangua chumvi hiyo kutoka kwenye kuta zenye unyevu za mazizi na maghala ya chini kwa ajili ya baruti. Lakini si kila weupe wa ukutani ni shura, kama tulivyoona kwa siki. Jina moja likitumika kwa vitu viwili, fundi atatumia dawa moja kwa magonjwa mawili. Kwa maoni yangu "chumvi ya ukuta" na "chokaa ya ukuta" yanatosha, na kila mtu anayaelewa.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba dawa ya Musanze si dawa ya kila mahali. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2000, kuta nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huko asidi ingekuwa maafa, kwa kuwa jiwe lenyewe na chokaa inayolishika ni kalsiamu kaboneti. Asidi ingekula ukuta pamoja na doa. Hata lipu ya saruji juu ya kuta hizo huleta shida, kwa sababu chokaa huruhusu unyevu kutoka polepole, lakini saruji huufungia ndani. Kinachobaki kilekile kwa mawe meusi na kwa matumbawe ni lile swali la kwanza: maji yanatoka wapi?

Kwa anayejenga leo, kuzuia ni rahisi kuliko kusugua. Mchanga uwe safi, tena uoshwe ukiwa na shaka. Maji ya kuchanganyia yawe yale ambayo mtu angeweza kunywa. Mawe na mifuko ya saruji visikae chini penye unyevu, na ukuta mbichi ufunikwe mvua inapotisha. Kati ya msingi na ukuta wa nyumba itandazwe karatasi ya lami au plastiki nzito ili unyevu wa ardhi usipande. Paa liwe na mifereji. Udongo wa nje uwe chini kuliko sakafu ya ndani. Na ukuta mpya ukitoa unga mweupe kidogo katika msimu wake wa kwanza, upigwe brashi na uachwe. Mara nyingi hupungua wenyewe kadiri unavyokauka.

Baba mdogo sasa haanzi kazi bila karatasi ya makubaliano. Mimi ndiye ninayeiandika, kwa Kinyarwanda upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, maana ana wateja wanaotoka Goma. Kipengele cha sita kinasema: "Matundu ya kutolea maji yasizibwe kwa sababu yoyote, mwenye nyumba akiona yanachafua, amwite fundi." Methali yetu yasema tuzibe ufa. Baba mdogo haipingi, lakini huongeza kwamba mtu ajue kwanza kutofautisha ufa na tundu.